Nyumba ya Tisa Haijazimika

Manka, mwanangu,

Umetoka kwenda Flemingdon Park kuwaaga wenzako, na mimi nimejifungia jikoni na birika la chai. Barua hii nitaisokomeza kwenye mkoba wako wa mkononi, chini ya pasipoti, kwa hiyo ukiiona utakuwa hewani na hutaweza kunipigia simu tubishane. Ndivyo ninavyotaka. Walau mara moja maishani utanisikiliza mpaka mwisho bila kunijibu kwa Kiingereza kwamba unajua.

Nimeandika Kiswahili makusudi. Najua unakisoma polepole, kama mtu anayepita penye utelezi. Vizuri, kisome hivyo hivyo. Ukifika mahali pagumu, taja maneno kwa sauti. Jirani yako kwenye kiti atakushangaa, na wewe mwache ashangae.

Mambo ya sweta, dawa ya kifua na "piga simu ukifika" siyasemi. Una akili zako, na kama huna basi nimechelewa. Nataka kukueleza habari ya nyumba unayokwenda kuifungua, na habari ya mama unayemwacha huku. Nyumba unaijua vipande vipande. Mama unadhani unamjua.

Baba yako Marko, Mungu amrehemu, alitoka kwenye ukoo wa Waserbia wa pwani ya Montenegro, Waradolichi, watu waliobanwa kati ya mlima na bahari hata kujinyoosha ni shida. Ukoo una nyumba tisa. Nyumba kwao haiishii kwenye kuta. Ni kama sisi Wachaga tunaposema mji wa fulani: ni wazee na watoto, ni makaburi, ni mizeituni, ni mtakatifu wao mmoja wanayemwadhimisha kila mwaka. Walitawaliwa na Waveneti, wakaja Waaustria, wakaja wafalme, wakaja wakomunisti. Kila mtawala alifika na kodi yake na bendera yake, akaondoka, na nyumba zikabaki tisa. Muda wote huo wazee wa nyumba hizo walikuwa wakikaa kwenye benchi la jiwe ufukweni kuamua kesi zao wenyewe, na hawakumuuliza mtawala kitu.

Nilisikia haya yote siku ya kwanza nilipomwona. Ilikuwa darasa la Kiingereza la wageni hapa Canada, huko huko Flemingdon Park ulikokwenda leo. Mwalimu alituambia kila mmoja aseme kidogo kuhusu familia yake. Watu wakasema sentensi mbili tatu, wakakaa. Akasimama jamaa mmoja mrefu, mikono imejaa saruji, akaanza kutaja nyumba tisa, nani alimzaa nani, nani alipigana na nani, nani alihamia wapi, mpaka muda wa darasa ukaisha na mwalimu amekaa kashika tama. Hajafika hata nyumba ya sita. Nikajiambia, huyu ni Mchaga, amekosea rangi tu. Nikamsubiri mlangoni.

Basi, tukaoana. Na mwaka wa kwanza wa ndoa nikafanya kioja ambacho Waserbia wa mji huu wananitania nacho mpaka kesho. Umewasikia wakicheka, lakini hukuwahi kuelezwa vizuri, kwa sababu baba yako alikuwa ananilinda.

Unajua slava ilivyo, siku ya mtakatifu wa nyumba. Yetu ni ya Mtakatifu Nikola, Desemba, baridi ya kumrudisha mbwa ndani. Mshumaa mrefu unawashwa, mkate mkubwa unakatwa na kumwagiwa divai, ngano inachemshwa na sukari, mlango unaachwa wazi, na mwenye nyumba anasimama kutwa nzima akiwahudumia watu bila kukaa. Baba yako alinieleza yote hayo. Kitu kimoja hakunieleza, kwa sababu kwao hakielezwi: slava haina mwaliko. Anayeijua siku yako anakuja. Ukimwalika ni kama umemwambia, sina hakika kama wewe ni mtu wangu.

Sasa mimi ni Mtanzania. Shughuli bila kamati ni shughuli gani? Nikaunda kamati. Mwenyekiti mimi, katibu mimi, mweka hazina mimi. Nikachapisha kadi zenye maua ya dhahabu, nikazigawa mlangoni mwa kanisa lao huku nikitabasamu kama bibi harusi. Na chini ya kadi, jamani, nikaandika kwamba michango ipokelewe na mimi! Baba yako alikuwa kazini anaweka vigae kwenye bafu la mtu, hakujua lolote.

Siku ikafika. Akasimama kando ya mshumaa na suti yake tangu asubuhi. Adhuhuri ikapita, kimya. Alasiri, kimya. Waliopata kadi walisema, tangu lini Marko anatukumbusha siku yake? Wasiopata walisema, kumbe kuna wanaotakiwa na wasiotakiwa. Ngano ikakauka juu. Mimi nikaenda kujifungia chooni, nikalia na kadi mkononi. Nilikuwa najua sababu, tena niliijua vizuri sana: hawaji kwa sababu Marko ameoa mtu mweusi. Nilikuwa nimeshawahukumu na kuwafunga wote.

Mara nasikia sauti ya mwanamke sebuleni. Alikuwa Bi Filomena wa ghorofa ya chini, yule Mgoa wetu wa Nairobi, siku hizo bado hajastaafu ukarani. Kadi sikumpa, nilidhani mambo haya hayamhusu. "Nimesikia harufu ya mkate," anamwambia baba yako, "na mlango uko wazi. Mmefiwa?" Baba yako alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia, "Mama, kwenye nyumba hii leo ni wewe peke yako mwenye adabu. Karibu." Nikatoka chooni na macho mekundu, nikamkuta Bi Filomena anakula ngano, anauliza kama hatuna pilipili.

Baba yako hakunigombeza. Alinieleza tu, na nilitamani sakafu ipasuke. Lakini mwanangu, kadi zilikuwa jambo dogo. Nilizichapisha kwa sababu niliogopa. Niliona nisipowaita hawatakuja kwangu, basi nikawaita kwa nguvu, na kule kuwaita ndiko kulikowafukuza. Nimefanya hivyo mara nyingi maishani, kazini, kanisani, hata kwako ulipokuwa na miaka kumi na sita. Wewe pia unayo tabia hiyo. Umeirithi kwangu, usimtafute mwingine. Desemba hii utasimama kwenye nyumba ile ya pwani, mlango wazi, na hutajua kama kuna mtu atapanda kile kilima. Mkono utakuwasha kushika simu. Uache uwashe. Mwaka uliofuata sisi hatukumwambia mtu hata neno moja, na walijaa mpaka kwenye ngazi za dharura, na yule mzee aliyenuna kuliko wote alikuja na mwanakondoo mzima begani, wa kuchoma, hata lifti ikanuka wiki nzima.

Sasa ya kwetu Marangu. Hili nalisema mara moja, halafu tusilirudie.

Babu yako alizaa wasichana watupu. Na kwetu kihamba, shamba lile la migomba na kahawa ambamo ukoo unaishi na kuzikana, hurithiwa na mtoto wa kiume. Alipofariki nilirudi kumzika. Matanga yalipokwisha, kikao cha ukoo kikakaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Mimi, mtoto wa kwanza, niliyesomeshwa, ninayejulikana kwa mdomo wangu tangu darasa la kwanza, nikakaa nyuma na wanawake kumenya ndizi. Baba mdogo akasema kihamba hakiwezi kukaa bila mwanamume. Akatazama huku na huku kama kuna mwenye neno. Wanawake wote tukatazama ndizi.

Maneno nilikuwa nayo, Manka. Yalikuwa hapa kooni yamepangana. Nikayameza, kwa sababu nilikuwa narudi Canada keshokutwa, na nikajiambia haya si mambo yangu tena, nina maisha yangu, nina mume wangu. Leo babu na bibi yako wamelala kwenye shamba la mtu. Tukienda kufagia makaburi tunabisha hodi. Nilimchukia baba mdogo miaka na miaka, mpaka nikachoka, ndipo nikaona kwamba yule niliyemkasirikia alikuwa ameshika kisu na ndizi. Mzee alisema alivyofundishwa. Mimi ndiye niliyekuwa na la kusema nikanyamaza.

Ndiyo maana baba yako alipofariki sikutaka kusikia la mtu. Unakumbuka walivyokuja kutupa pole, watu wazuri, wamebeba vyakula, halafu pembeni kwenye korido wananong'ona: nyumba inazimika. Ndivyo wanavyosema kwao. Mshumaa wa slava baba humkabidhi mwanawe wa kiume, na Marko alikuwa na binti. Kule pwani alibaki kaka yake tu, baba yako mkubwa Nikola, kapera mzee na mizeituni yake. Nilisikia lile neno nikalitambua. Mahali pengine, na lugha nyingine, lakini lilikuwa lile lile la kihamba.

Desemba ile uliniuliza, "Mama, tunaruhusiwa?" Nikakujibu, "Sijui. Washa." Ukawasha. Ukasimama kutwa nzima na viatu vile vilivyokubana, hukukaa hata nilipokuvuta mkono. Watu wakaja. Sijawahi kukuambia kwamba siku ile nilikuwa nakutazama kutoka jikoni na kifua kimejaa, nikasema, Marko, huyu si wa kuzimika.

Halafu mwaka jana, baridi ilipokuwa inaisha, Nikola naye akafariki. Ndipo tukafunga safari ya kiangazi, wewe na mimi.

Najua ulikuwepo. Lakini wewe ulikuwa umesimama mbele na mshumaa mkononi, hukuona nilivyoona mimi kutoka nyuma, kwa hiyo nitakusimulia.

Mkutano wa ukoo ulikuwa uani mwa kanisa, juu ya ufukwe, jua kali. Katikati pana sinia kubwa la mchanga. Mzee Savo, yule mkuu wa mkutano mwenye nyusi kama vichaka, anaita nyumba moja moja. Mtu wa nyumba ile anaitika "Tupo!", anakwenda kuchomeka mshumaa wake kwenye mchanga. Nyumba isiyoitikiwa mara tatu imezimika, na mizeituni yake inagawiwa majirani. Zikaitwa nane, zikaitikiwa nane. Kisha akaita nyumba ya Vuko, nyumba ya baba yako. Akaiita kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita marehemu.

Ukaitika. Weee! Sauti ile uliitoa wapi? Njiwa waliruka kwenye paa la kanisa.

Watu wakageuka. Na Rade akasimama. Sitaki umchukie Rade, nitakuambia kwa nini. Ana zile nyumba za kupangisha watalii, mizeituni yetu imepakana na yake, na kila mtu pale alijua anaitamani. Lakini alizungumza vizuri, kwa heshima, hiyo ndiyo iliyonitisha. Akasema binti ni mgeni mpendwa. Akasema binti anaishi Canada. Akasema binti ataolewa, ataondoka na jina la watu wengine. Akasema desturi si yetu kuibadilisha, tumeikuta. Na lile ambalo hakulisema tulilisikia sote, kwa sababu macho ya watu yalikuwa kwenye nywele zako. Wazee wakaanza kutikisa vichwa polepole, na Mzee Savo akatazama kushoto na kulia kama kuna mwenye neno.

Nilisikia harufu ya ndizi mbichi, kweli kabisa, pale pale kwenye jua la Montenegro. Nikasimama. Kiserbia changu unakijua, nimejifunza kwa mafundi wa vigae, nusu yake matusi. Sikuwa na uwezo wa kubishana na Rade kwa lugha yake, na Mungu alinijalia nisijaribu. Nikamwambia, "Rade, ndugu yangu, kabla hawajaamua. Marko alikuwa akinisimulia kila slava habari ya Bibi Stana wa nyumba yenu. Alisema hakuna anayeisimulia kama wewe. Mimi narudi Canada, sijui kama nitarudi tena huku. Naomba niisikie kwako."

Uliona alivyofurahi? Binadamu bwana! Mtu akiombwa kusimulia habari za nyumba yake hata moto hauoni. Akavuta kifua, akaanza. Stana aliletwa bibi harusi kutoka ng'ambo ya mlima, wa makabila mengine, hakujua hata kuogelea. Mume na shemeji zake wakafa wote kwenye vita moja, akabaki mwanamke peke yake na kitoto cha kike. Wazee wakaja na ndoo ya maji kuzima jiko la nyumba ile, kama ilivyokuwa desturi. Rade akaigiza wanavyopanda kilima, anahema, anabeba ndoo. Watoto wakacheka. Stana akakaa kizingitini, mshumaa mkononi, akawaambia, atakayezima ataniruka mimi kwanza. Wakasubiri. Akakaa. Jua likazama, akakaa. Asubuhi wakamwaga yale maji njiani, wakarudi kwao. Na nyumba ile, akasema Rade, sauti imepanda, mkono juu, nyumba ile kuanzia siku hiyo ikaitwa kwa jina lake, na ndiyo nyumba ya...

Hapo akakwama. Mkono bado uko juu. Nilimwona anavyosikia alichokisema.

Kisha yule bibi kizee mwenye kitambaa cheusi, aliyekaa chini ya ukuta, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akatoa machozi, akapiga goti lake, "Ehee, Rade! Malizia, mwanangu! Nyumba ya nani?" Ua mzima ukalipuka. Hata kasisi aligeuka kutazama bahari, mabega yanamtetema. Na Rade mwenyewe, hili ndilo lililonifanya nimpende, akashusha mkono, akasema, "Nyumba ya Stana," kwa sauti ya kusikika, akakaa.

Wazee wakanong'onezana. Mzee Savo akasema tusubiri. Kisha akatamka yale maneno: "Stana alikaa kizingitini pake. Na huyu akae kizingitini pake. Aishi pale, afungue mlango siku ya mtakatifu, na nyumba ya Vuko itaitwa. Asipoishi, tutaita mara tatu kisha basi."

Nitarudi hapo. Kwanza nimalize ya Rade.

Jioni ile mlipokuwa mnacheza na vijana, nilikwenda kwake. Nilikuwa bado nina furaha ya kushinda, na ushindi wa aina hiyo ni hatari, unaweza kukufanya mtu mbaya ndani ya saa moja. Kwetu ukitaka amani na mtu unampelekea jani la sale, na anayepelekewa sale hawezi kukataa. Ningelipata wapi pale? Nikaingia kwenye mapokezi ya nyumba zake za watalii, nikakuta chungu kikubwa cha pembeni, na ndani yake, Mungu si Athumani, sale lenyewe, limestawi, wanaliweka pambo. Nikakata jani kwenye chungu chake mwenyewe nikampa kwa mikono miwili. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Nikamweleza. Akalishika kitambo. Akasema, "Mnakaa na desturi kama hii, na sisi tunawapandia wageni pambo?" Akanimiminia kinywaji chao kile kikali, tukanywa, tukalia kidogo kwa ajili ya Marko, ambaye kumbe walikuwa wakiiba naye tini wakiwa wadogo. Rade ndiye aliyelipaka rangi lango lako mwezi uliopita. Hujui hilo. Amekataza nisiseme, na mimi ni mama yako, nasema.

Kwa hiyo ukifika, nenda kwake kabla ya kwa mtu mwingine yeyote. Umemshinda, na mtu uliyemshinda ndiye utakayeishi naye ukuta kwa ukuta. Watu wengi wanajua kushinda, wachache wanajua kukaa na majirani baada yake. Mimi nilijifunza nikiwa na mvi.

Turudi uani mwa kanisa.

Mzee Savo aliposema "aishi pale", mimi nilitabasamu. Nilishaona namna ya kuzunguka jambo hilo. Nilifikiri tutakuwa tunakuja kila kiangazi, tunalala pale wiki mbili tatu, Desemba tunapanda ndege tunawasha mshumaa, tunarudi zetu hapa Weston. Nimezoea kupita pembeni ya masharti, mimi ni dereva wa basi la shule. Nilifungua mdomo niseme hivyo kwa Kiserbia changu kibovu.

Na wewe ukasema, "Nitakuja kuishi."

Hukunitazama. Hukuniuliza. Ulisema kama mtu anayetaja saa. Ukaenda ukachomeka mshumaa kwenye mchanga, wa tisa, watu wakapiga makofi, bibi kizee akakubusu mashavu yote mawili, na mama yako amesimama pale nyuma mdomo wazi, anapiga makofi na wenzake kwa sababu mikono haikujua kitu kingine cha kufanya.

Kwenye ndege ya kurudi uliniambia kazi yako ya kompyuta inafanyika popote. Nikasema ndiyo. Uliniambia Bi Filomena atakuwa ananiangalia. Nikasema ndiyo, na mimi nitamwangalia yeye. Tulisema mambo ya visa, ya paa, ya mizeituni ambayo haijapogolewa tangu Nikola augue. Miezi hii yote tumesema kila kitu isipokuwa hiki, ndiyo maana nimekaa kukiandika.

Kumbe mimi niliomba jina tu. Nilisimama pale kwa ajili ya Marko, na kwa ajili ya kihamba cha baba yangu, nikitaka waite nyumba na mtu aitike, basi. Ulipotoa maisha yako mazima, nilishtuka, na usiku wa kwanza tuliporudi nilijuta. Nasema kweli. Nilijilaumu, nikasema, mama gani huyu anasimama mbele ya watu kumgombania mwanawe mpaka anampoteza? Ningenyamaza, ungekuwa chumba cha pili, nasikia redio yako.

Majuto yale hayakudumu. Nilikwenda kazini Jumatatu, nikapakia watoto wa watu, nikawafikisha, na nilipokuwa naegesha basi nilicheka peke yangu kwa sauti. Niliona mambo yalivyo. Kwetu tulikuwa wasichana wanne kwenye kikao na hatukuwa na hata neno moja. Mwanangu aliposimama kwenye kikao cha watu ambao hawajawahi kumwona, aliitika mpaka njiwa wakaruka, kisha akasema neno lake mwenyewe kabla mama yake hajamsemea. Mimi nilichelewa miaka yote ile, wewe hukuchelewa hata dakika.

Kwa hiyo kesho uwanja wa ndege nitalia, tena vibaya, na Bi Filomena ataniaibisha kwa kulia kunishinda. Usiyasome machozi hayo vingine. Nilisimama pale kugombania kitu, nikakipata, na bei yake ni wewe kuondoka. Naijua bei hiyo. Ningesimama tena, kesho asubuhi, kwa Kiserbia kile kile.

Nimeshinda, Manka. Sikuwahi kushinda kitu kikubwa hivi maishani mwangu. Nenda kafungue nyumba yako.

Mama yako anayekujivunia kupita kiasi, Weston, chai imeshapoa.